Nilishuhudia Kupona Huku Jicho Likiniuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba mniitikie taratibu, maana leo nasoma kwenye karatasi, na mkiitikia kwa nguvu nitapoteza mstari.

Wenyeji mnanijua. Kwa wageni, mimi naitwa Nyangeta. Nakaa hapa Musoma, mtaa wa Kamunyonge, kwa mama yangu mdogo, yule anayeongoza sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Nilimaliza chuo kikuu, nikasomea takwimu, na ajira bado sijapata. Najitolea kufundisha hisabati katika shule moja ya sekondari kule Bunda. Wengi wenu mnanikumbuka kwa ushuhuda nilioutoa nikiwa nimesimama hapa hapa, miezi minne iliyopita, kwamba Bwana ameniponya jicho langu la kushoto.

Leo nimekuja kushuhudia mara ya pili, kuhusu jicho lile lile.

Nianze na swali lililoninyima usingizi miezi yote hii. Je, mtu anaweza kuuharibu uponyaji wa Mungu kwa kuwaza sana? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo. Kama Mungu aliniponya kweli na maumivu yakarudi, basi aliyeyarudisha ni mimi, kwa mashaka yangu. Kama hakuniponya, basi nilisema uongo mbele ya madhabahu. Na kama aliniponya nusu? Hapo nilikuwa nakwama kabisa, kwa sababu sikujua kama Mungu huponya nusu, na niliogopa kumuuliza mtu. Ndivyo kichwa changu kilivyo. Mama mdogo anasemaga ukinituma chumvi dukani narudi na maswali.

Ndugu zangu, maumivu haya yalianzia Bunda. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya nusu muhula, nikasikia kama punje ya mchanga imeingia jichoni. Nikaosha. Haikutoka. Baada ya wiki mbili haikuwa punje tena, ilikuwa kama mtu amesimama ndani ya kichwa changu, anasukuma jicho kwa kidole gumba akitokea nyuma. Mchana jua likiwa kali ilikuwa mbaya zaidi. Nikija Musoma na ziwa likimeta, nilitembea nimegeukia ukutani kama mtu anayekwepa wadeni.

Na jicho lenyewe lilikuwa zuri! Hilo ndilo lililonitesa. Halikuwa jekundu, halikutoa machozi wala kuvimba. Mwenye kidonda watu humpa pole. Mwenye jicho zuri anayelia kwamba linauma, watu humwangalia yeye badala ya jicho. Nikawa nalifumba darasani ili niweze kuandika ubaoni. Yuko mwalimu mwenzangu, Mwalimu Wambura, mtu wa utani sana. Siku moja akaniambia mbele ya walimu wote, "Madam, utanikonyeza mpaka lini? Mimi nina mke, na mke wangu ni wa Tarime, hao hawana mchezo!" Walimu walicheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaenda chooni nikalia kwa jicho moja.

Nikaenda hospitali hapa Musoma, kliniki ya macho. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye mikono baridi. Alinisomesha zile herufi za ukutani. Aliniwekea kidevu kwenye mashine akanimulika mpaka nikaona mishipa ya jicho langu mwenyewe kama mizizi ya mti. Alinipima presha ya jicho. Akanituma nikapimwe damu, nikatazamwe meno, nikatazamwe pua. Kila jibu lilirudi zuri. Mwisho akaweka kalamu chini akasema, "Nyangeta, kwenye jicho lako sioni kosa. Maumivu yako nayaamini. Jina la ugonjwa bado sina."

Alinipa dawa ya matone na miwani yenye vioo vya kahawia ya kupunguza mwanga, pamoja na kadi yenye tarehe ya kurudi kila mwezi. Akasema maneno ambayo nataka myashike: "Usipotee. Kama kuna kitu kimejificha humo, sitakikamata kwa kukuona mara moja. Nitakikamata kwa kukuona mara nyingi."

Mimi nilisikia moja tu. Nilisikia kwamba daktari hajui. Ndugu zangu, kwa mtu kama mimi ni afadhali uambiwe ugonjwa mbaya wenye jina kuliko kuambiwa sijui! Nilirudi nyumbani nikachora jedwali kwenye daftari. Si nilisomea takwimu? Nikaandika chakula, upepo, moshi, chaki, usingizi, hasira. Nilitaka kukamata kinachosababisha. Siku niliyokula samaki furu liliuma. Siku niliyokula samaki gogogo liliuma. Siku niliyofunga kula liliuma pia. Kuna siku halikuuma kabisa, na siku hiyo nilikuwa nimekaa jikoni penye moshi tangu asubuhi. Jedwali langu halikuniambia kitu, ila lilinifanya niangalie jicho hilo kutwa nzima kama mama anayemlinda mtoto mwenye homa.

Ushauri nao ulikuja kutoka kila upande. Mmoja alisema niwekewe maziwa ya mama anayenyonyesha. Mwingine akasema ni simu, mwingine akasema ni kwa sababu sijaolewa. Lakini neno lililoingia ndani lilitoka kwa shangazi yangu, dada yake baba, alipopiga simu. Alisema, "Jina hilo lina mwenyewe. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Jina la Nyangeta nilipewa kwa Babu yangu mzaa baba, ni jina la dada yake. Nilipokuwa mchanga nililia siku nyingi mfululizo, sikunyonya wala kulala. Kwetu mtoto akilia hivyo, wazee humtajia majina ya waliotangulia, jina moja moja, mpaka anyamaze. Walipotaja Nyangeta, nikanyamaza. Hivyo ndivyo ninavyoambiwa. Na Nyangeta yule wa kwanza alikufa akiwa na jicho moja. Lililopofuka lilikuwa la kushoto.

"La kushoto!" shangazi alisema kwenye simu. "Lile lile! Anakudai huyo."

Mnaona nilivyokuwa? Daktari hajui, jedwali halijui, shangazi anajua sana. Na mimi ni mtu niliyeokoka, sipaswi kuamini mambo ya kudaiwa na marehemu. Lakini nilikuwa natafuta jina la ugonjwa, na shangazi alinipa.

Ndipo zikaja zile siku tatu za maombezi hapa kanisani, na yule mhubiri mgeni. Mnakumbuka siku ya mwisho ilivyokuwa. Niliitwa mbele. Akaniwekea mkono juu ya jicho, mkaomba wote, na ndugu zangu, nasema kweli mbele za Mungu, maumivu yaliondoka! Akaniuliza, "Unasikia nini?" Nikasema, "Sisikii kitu." Kwa dakika ile lilikuwa neno la kweli. Kanisa lililipuka. Mtu akapaza sauti, "Miwani! Aache miwani!" nami nikaivua nikampa shemasi.

Kwa wageni nieleze. Hapo kulia, karibu na vinanda, kuna kabati la vioo. Sisi hapa mtu akifunguliwa, huacha ndani ya kabati hilo kitu ambacho hakihitaji tena. Zimo hirizi, kuna kibuyu, kuna pakiti ya sigara, magongo, mkanda wa mgongo, na fimbo. Hatuandiki majina, lakini kila mtu anajua kipi ni cha nani. Miwani yangu ya kahawia iliwekwa rafu ya pili.

Siku tatu nilikaa bila maumivu. Siku tatu! Nilisahihisha madaftari nikiwa naimba. Siku ya nne, Jumatano, nikiwa kwenye kituo cha magari Bunda, yule mtu wa kidole gumba akarudi mahali pake.

Sikumwambia mtu. Nilidhani ni jaribu la muda. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ukikiri udhaifu unaupa nafasi, basi nikawa nakiri uzima. Nikawa naliambia jicho, umepona, umepona, nalo linajibu kwa kudunda. Ilipofika Jumapili mama mdogo alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa mtaa huu, hadi muuza mkaa. Nikaitwa kushuhudia. Ndugu zangu, nilisimama hapa. Nikasema, "Tangu siku ile sijasikia hata chembe ya maumivu." Mkapiga vigelegele. Mzee mmoja akalia machozi kwa furaha. Na mimi wakati nasema maneno yale, jicho lilikuwa linadunda kiasi kwamba sura za mstari wa kwanza nilikuwa sizioni vizuri.

Huo ndio uongo wangu. Naomba mnisamehe. Nimeuandika hapa kwa kalamu ili nisije nikauzunguka.

Uongo ule ulinifunga kuliko ugonjwa. Miwani iko kabatini, nitaivaaje? Dawa ya matone, nikionekana naitia nitasemaje? Kliniki ndiyo ilikuwa shida zaidi, kwa sababu mmoja wa wauguzi wake anasali hapa pamoja nasi, na siku ya ushuhuda alinikumbatia. Nitakwenda kumwambia nini? Tarehe yangu ya kwanza ya kurudi ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu nilifika hadi geti la hospitali, nikasimama, nikajishawishi kwamba kuingia ni kumkana Kristo, nikageuka. Nililifumba jicho bafuni, nililifumba nyuma ya nyumba nikianika nguo. Kanisani nililifumba wakati wa maombi tu, kwa sababu hapo kila mtu amefumba. Mkiona niliomba muda mrefu sana, sababu ni hiyo.

Kule Bunda, Mwalimu Wambura aliniona nasahihisha nimeegemeza kiganja jichoni. Akasogeza kiti. "Madam, si ulipona? Au sasa umeamua kunikonyeza kwa hiari yako?"

Nikasema, "Ni vumbi la chaki tu, Mwalimu."

Akaangalia mkono wangu. Nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu. Chaki haikuwepo chumba kizima. Hakucheka. Akasema tu, "Haya, Madam," akaondoka. Wambura akikosa utani, ujue mambo ni mabaya.

Muhula ulipofungwa nikaaga kwamba nakwenda Butiama kumsalimia Bibi, mama yake baba. Ukweli nilikwenda kumuuliza kuhusu jina. Daktari nimemkimbia, kanisa nimelidanganya, ikabaki njia ya shangazi. Nasema wazi ili mjue nilikofika: kama Bibi angeniambia Nyangeta anataka mbuzi, mbuzi angechinjwa. Mimi niliyeokoka! Nilikuwa nimeshapanga hata nitakachowaambia ninyi baadaye.

Nilimkuta Bibi mlangoni anapepeta ulezi. Bibi haniiti mjukuu. Tangu nizaliwe ananiita wifi, kwa sababu nimebeba jina la wifi yake.

"Karibu wifi," akasema. "Mbona umekonda hivyo, huko mjini hakuna samaki?"

Sikuweza hata kusubiri maji ya kunywa. Nikamwambia, "Bibi, jicho langu linauma. La kushoto. Shangazi anasema Nyangeta ananidai."

Bibi alicheka mpaka ulezi ukamwagika kutoka kwenye ungo. "Akudai nini? Yule alikuwaga hadai hata chumvi yake!" Kisha akaniangalia vizuri, akaacha kucheka. Akaweka ungo chini.

Akaniuliza kama najua Nyangeta alipofukaje. Nikasema najua alizaliwa hivyo. Akasema, "Nani kakwambia? Alikuwa na macho mawili, mazuri kuliko ya kwako." Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote wa ukoo wetu.

Nyangeta alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake waliletwa pale kwa Babu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Babu aliwaswaga ng'ombe wale wale mpaka kwao Bibi, akamwoa. "Kwa hiyo mimi," Bibi akasema, "niliolewa na ng'ombe wa wifi." Baada ya muda, Nyangeta huko kwa mume wake akaanza kuumwa jicho. Halikuwa jekundu, halikuvimba. Kama angesema, mume angeweza kumrudisha kwao kwamba ameoa mgonjwa, na kudai ng'ombe wake. Na ng'ombe hawakuwepo. Walikuwa kwao Bibi, wengine wamechinjwa, wengine wamezaa. Ili ng'ombe wapatikane, wa kurudishwa kwao angekuwa Bibi, naye alikuwa na baba yangu tumboni.

"Nilikuwa nakutana naye kisimani," Bibi akasema. "Namuuliza, wifi, mbona unafumba jicho? Ananiambia vumbi. Kesho vumbi, keshokutwa vumbi. Wifi, mpaka masika yamenyesha, barabara zote matope, ananiambia vumbi!"

Ndugu zangu, niliposikia neno vumbi, nilisikia maneno yangu mwenyewe. Sikuwa nimemwambia Bibi habari za Mwalimu Wambura wala za chaki.

Nikamuuliza kama Nyangeta angesema mapema jicho lingepona. Akasema, "Sijui. Kulikuwa na wamisheni waliokuwa wanatibu macho, watu walikuwaga wanakwenda kwa miguu. Labda wangeweza, labda wangeshindwa. Hakwenda. Aliposema, jicho lilikuwa limeshaondoka. Mimi nimekaa katika nyumba hii maisha yangu yote kwa sababu ya jicho lile, na kila mwaka nikivuna namkumbuka."

Kisha akanishika kidevu kama yule daktari, akanigeuzia uso kwenye mwanga.

"Haya niambie. Wewe unaficha kwa ajili ya ng'ombe wa nani?"

Nyangeta yule alificha ili mtu asifukuzwe nyumbani kwake. Mimi nilikuwa naficha ili niendelee kuitwa yule binti aliyeponywa. Sina ng'ombe wa mtu. Ng'ombe wangu walikuwa vigelegele vyenu.

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya zizi. Nikaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba tangu niokoke. Nikasema, "Bwana, linauma." Nikarudia. "Bwana, linauma, na mimi nilidanganya." Ndugu zangu, nikagundua kwamba tangu siku ya ushuhuda nilikuwa sijamwambia Mungu kuwa naumwa! Nilimficha hata Yeye. Nilidhani akisikia ataona sina shukrani. Miezi yote ile nilikuwa naomba kwa maneno mengi, na hilo moja nimelikalia.

Sikusikia sauti. Jicho halikuacha kuuma, nisiwadanganye tena. Lakini kitu kilichokuwa kimenibana hapa kifuani kiliachia, nikavuta pumzi mpaka chini, ng'ombe wakageuka kuniangalia. Lile swali langu, kama niliuharibu uponyaji kwa kuwaza, halikupata jibu. Lilipungua uzito tu. Mpaka leo silielewi vizuri. Siku zile tatu zilikuwa nini? Sijui. Mungu alizitoa, nilizila kama mana, na sina mamlaka ya kuzigeuza kuwa mwaka mzima.

Jumatatu nilirudi hapa Kamunyonge, nikamwambia mama mdogo. Alikuwa anakaanga dagaa. Hakugeuka. Akasema, "Kwa hiyo mimi nimewadanganya wanawake wote wa mtaa huu?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekudanganya wewe."

Aliendelea kukaanga mpaka dagaa wakaungua, na mama mdogo haunguzi dagaa. Tulikula hivyo hivyo. Nilidhani amenitoa moyoni. Asubuhi yake nilipotoka kwenda hospitali nilimkuta amekaa kwenye ngazi, amevaa kitenge chake cha kanisani, kadi yangu ya kliniki mkononi. "Twende," akasema. "Ukifika getini najua utageuka."

Getini nilitaka kugeuka, ndugu zangu. Akanishika pindo la kanga.

Yule muuguzi wetu alituona. Nilijiandaa kwa aibu. Akachukua kadi, akaangalia zile tarehe tatu zilizopita, akasema, "Dada, nilikuwa nakutafuta kwenye orodha kila mwezi. Kaa hapa."

Daktari naye hakunigombeza. Akauliza, "Miwani yako iko wapi?"

Nikasema, "Iko kanisani."

"Umeisahau?"

"Nimeiacha madhabahuni, daktari. Niliombewa."

Akaniuliza ilikuwaje baada ya kuombewa. Nikamwambia zile siku tatu. Nilidhani atanicheka. Akachukua kalamu akaandika kwenye faili, na aliandika huku anatamka: nafuu kamili siku tatu baada ya maombi, kisha maumivu yakarudi. Akasema, "Hii ni habari nzuri kwangu. Maumivu yanayoweza kuondoka siku tatu yananiambia kitu. Ungekuja siku ya nne ningekuwa mbele zaidi." Miezi yote nilikuwa nimejificha na habari ambayo daktari alikuwa anaihitaji!

Kisha akanisomesha herufi za ukutani. Hapa nisome taratibu. Jicho la kushoto, mara ya kwanza, nilisoma mpaka mstari wa chini kabisa. Safari hii niliishia wa juu yake. Mstari mmoja umepotea. Nikamuuliza kama utarudi. Akasema hajui. Nikamuuliza kama ni kwa sababu sikuja. Akasema hajui hilo pia, na kwamba hataniongopea ili nijisikie vizuri au vibaya. Ameniandikia rufaa ya kwenda kupigwa picha ya kichwa katika hospitali kubwa, tarehe imeshapangwa, na mpaka siku hiyo natia matone asubuhi na jioni. Jina la ugonjwa bado hatuna. Akaniambia, "Na miwani ukaichukue."

Alhamisi nikaenda kwa Mchungaji. Nilimweleza yote, hata habari ya mbuzi. Akainuka, akatoa ufunguo kwenye droo, akauangalia. Akasema, "Unajua, kabati lile huwa nalifungua kuweka tu. Sijawahi kulifungua kutoa." Nilidhani atakataa. Akaniambia, "Uliiweka mbele ya watu. Utaichukua mbele ya watu. Ila andika, Nyangeta, maana nakujua ukianza kuzunguka, ibada itafika jioni." Akanipa ufunguo. Ninao hapa.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Namshukuru kwa siku tatu. Namshukuru kwa Bibi yangu, na kwa Nyangeta wa kwanza, ambaye sasa najua hanidai chochote. Namshukuru kwa daktari asiyeogopa kusema sijui, na kwa mama mdogo aliyenishika kanga. Mniombee, nahitaji sana maombi yenu. Wekeni mikono juu ya jicho hili leo hii kama mnataka. Likiacha nitawaambia limeacha, likirudi nitawaambia limerudi, na tarehe ya rufaa nitakwenda vyovyote vile. Nimeamua.

Na wewe uliyekaa hapo na kitu kinakuuma, na ulishasema mbele yetu kwamba hakiumi, mwambie Mungu kwanza. Neno moja linatosha. Hatashangaa. Alikuwa anajua wakati wote, alikuwa anakusubiri tu umpe nafasi ya kukushika hapo hapo panapouma. Mtegemee hata ukiwa bado unaumwa. Mimi nimeanza, sijafika mbali, lakini huku nilipo napumua.

Nimebakiza mistari mitatu. Nikimaliza kusoma nitakunja karatasi hii, nitakwenda pale kulia karibu na vinanda, nitafungua kabati kwa ufunguo huu, nitachukua miwani yangu rafu ya pili, nitaivaa mbele yenu, kisha nitarudi kukaa kwenye benchi langu la nne. Kuna vitu vingine mle ndani, na simtaji mtu.

Kabati sitalifunga.